MAGARI YA ZAMANI YA SONGEA NA NAMBA ZAKE

Kwa muda mrefu Songea, makao makuu ya Mkoa wa Ruvuma, ulikuwa mji wa kufikiwa kwa taabu. Kabla ya barabara ya lami kutoka Makambako kukamilika katika miaka ya 1980, dereva aliyeondoka Njombe wakati wa masika hakuwa na hakika ya siku atakayoingia huku, na milima ya Lukumburu ilikuwa na jina lake miongoni mwa watu wa malori. Njia za kwenda Namtumbo na Tunduru, na ile ya Mbinga hadi Mbamba Bay, zilikawia zaidi kupata lami. Hali hiyo ndiyo iliyochagua magari ya kusini. Magari laini hayakudumu. Yaliyodumu ni Land Rover, malori ya Bedford, Volkswagen zile za mgongo wa kobe, na baadaye Toyota Land Cruiser. Ya idara za Serikali, ya misheni, ya vyama vya ushirika vya tumbaku na kahawa, na ya wafanyabiashara wachache wenye uwezo.

Magari hayo hayajatoweka yote. Yapo yanayotembea hadi leo, yapo yaliyoegeshwa chini ya miembe yakiwa juu ya magogo, na yapo yaliyolala katika viwanja vya taasisi yakisubiri mnada au mnunuzi wa chuma chakavu. Tunayaandika haya kwa sababu kila moja kati ya magari hayo lina namba zilizowekwa kiwandani, na namba hizo ndizo zinazoweza kusema gari ni lipi, limetengenezwa lini, na kama injini iliyomo ndiyo iliyozaliwa nalo. Namba hizi zinapotea, na jambo la kusikitisha ni kwamba aghalabu hazipotezwi na wezi. Hupotezwa na watu waaminifu wanaotaka kuiridhisha karatasi.

Tueleze jinsi linavyotokea. Mzee anafariki, na familia inarithi Land Rover. Wanataka kuiuza au kuiandikisha kwa jina la mrithi. Mkaguzi anafungua boneti, anasoma namba ya injini, anaitazama kadi ya gari, na namba hazilingani. Gari linasimama. Familia inaambiwa irudi siku nyingine, kisha siku nyingine tena. Hatimaye fundi mmoja anajitolea kuwaondolea usumbufu: anachukua tupa, anasawazisha pale penye namba ya asili, na kwa nyundo na vigongeo vya herufi anaigonga upya namba ile iliyomo katika kadi. Siku hiyo mwananchi aliyekuwa hana kosa lolote ameingia katika kosa ambalo sheria imelitunga kwa ajili ya wezi wa magari, na ushahidi pekee uliokuwa ukimtetea umekwisha kuwa unga wa chuma sakafuni.

Ili tuelewane, hatuna budi kutenganisha aina mbili za namba ambazo watu wengi huzichanganya, wakiwamo baadhi ya wale wenye dhamana ya kukagua.

Aina ya kwanza ni namba ya kusubu. Bloku ya injini hutengenezwa kwa kumimina chuma kilichoyeyushwa katika kalibu ya mchanga. Fundi wa kalibu huweka humo tarakimu, na chuma kinapopoa tarakimu hizo hubaki zimeinuka juu ya bloku, zikiwa na sura ya ukwaruzo ule ule wa mchanga. Namba hii ni jina la kipande hicho, na bloku elfu nyingi zilizotoka katika kalibu za aina moja huwa nayo vile vile. Mkaguzi anayeiandika katika fomu kuwa ndiyo namba ya injini amekosea, kwa kuwa ataikuta katika gari la jirani pia.

Aina ya pili ni namba ya kugongwa. Hii huwekwa baada ya bloku kuchongwa na kulainishwa, mahali palipoandaliwa pakawa tambarare, kwa kugonga vigongeo vya chuma kigumu. Tarakimu zake zimezama ndani badala ya kuinuka. Hii ndiyo namba ya injini hiyo moja na si nyingine, na ndiyo inayopaswa kuandikwa katika kadi.

Zote mbili zina kazi, ila kazi zake ni tofauti. Ya kugongwa hutambulisha. Ya kusubu hushuhudia. Baadhi ya viwanda huweka pia tarehe ya kusubu karibu na namba hiyo, na hapo ushahidi huwa mkubwa zaidi, kwa sababu bloku haiwezi kusubiwa baada ya gari lake kuunganishwa. Gari lililotoka kiwandani mwezi Machi haliwezi kuwa na bloku ya asili iliyosubiwa mwezi Juni wa mwaka huo huo. Kwa kawaida bloku hutangulia gari kwa wiki au miezi michache. Ikiwa imetangulia kwa miaka mingi, hapo pia pana swali la kuulizwa.

Sasa tuichukue Land Rover, kwa kuwa ndiyo gari la zamani linaloonekana zaidi katika mkoa huu. Land Rover ya kwanza ilitoka Solihull, Uingereza, mwaka 1948. Toleo la pili, yaani Series II, lilianza mwaka 1958. Series IIA mwaka 1961. Na Series III mwaka 1971, likaendelea hadi mwaka 1985. Katika injini za lita 2.25 zilizotumika katika matoleo hayo, namba ya kugongwa iko upande wa kushoto wa bloku, mbele, karibu na pale bomba la moshi linapoungana na injini. Namba ya chesisi iko upande wa kulia, mbele, kwenye kikono kinachoshika springi. Kadhalika kuna kibati kilichopigwa ribiti ndani ya gari. Mkaguzi asiridhike na kibati peke yake. Kibati kinahamishika kwa bisibisi na dakika kumi, lakini kikono cha springi ni sehemu ya chesisi yenyewe.

Katika Series IIA tarakimu tatu za mwanzo za namba ya chesisi zina maana maalumu. Inayoanza na 242 ni gari fupi la inchi 88, la petroli, lenye usukani wa kulia, lililotengenezwa kwa ajili ya nchi za nje. Inayoanza na 252 ni gari refu la inchi 109 la namna hiyo hiyo. Inayoanza na 243 au 253 ni gari lililosafirishwa likiwa vipande na kuunganishwa nje ya Uingereza. Magari mafupi ya dizeli yana namba kuanzia 271 hadi 275, na marefu ya dizeli kuanzia 276 hadi 280. Mwishoni mwa namba kuna herufi inayoonyesha mabadiliko ya ufundi yaliyofanywa kadiri miaka ilivyokwenda.

Ukaguzi hapa hauhitaji mashine ya gharama. Inchi hizo 88 na 109 ni umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Kwa mita ni kama 2.24 na 2.77. Mkaguzi mwenye utepe wa kupimia, ule ule wa fundi seremala, akikuta namba inayoanza na 252 juu ya gari lenye urefu wa mita 2.24 kati ya ekseli, amekwisha kujua kwamba hapo pana mkono wa mtu. Akikuta namba ya gari la dizeli na ndani mna injini ya petroli, amejua kwamba injini imebadilishwa, na kubadilisha injini peke yake si uhalifu.

Jambo hili la mwisho tungependa litiliwe maanani na kila ofisa mwenye kalamu. Nani asiyekumbuka au asiyesimuliwa hali ya miaka iliyofuata vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979? Fedha za kigeni zilikuwa adimu, mafuta yalipanda bei, na spea zilikuwa kama dhahabu. Gari la Serikali au la ushirika lililovunja krankishafti halikuweza kusubiri meli. Mafundi wetu waliliua gari moja ili kuyafufua mawili. Injini ya gari lililopinduka ikaingia katika gari lililochoka. Injini ya petroli ikatolewa na pakawekwa ya dizeli, mara nyingine ya kampuni nyingine kabisa. Kazi ile ilikuwa ya akili na ya lazima, na bila hiyo mazao mengi yangaliozea maghalani. Lakini makaratasi hayakufuata. Fundi alikuwa na haraka, mwenye gari alikuwa na haraka, na ofisi ya kuandikisha mabadiliko ilikuwa mbali. Kwa hiyo gari la zamani la Songea ambalo namba zake zote zinalingana na kadi ni gari la bahati, na yale yasiyolingana ndiyo yanayofuata historia ya nchi.

Isitoshe, kadi zenyewe zimenakiliwa mara kadhaa. Namba mpya zinazoanza kwa herufi T zilipoingia mwanzoni mwa miaka ya 2000, taarifa za magari ya zamani zilihamishwa kutoka kadi moja hadi nyingine, na kila kunakili ni nafasi ya kosa. Moja husomwa saba, B husomwa nane, na sifuri hugeuka O. Utaratibu wa sasa wa namba ya chesisi wenye tarakimu na herufi 17, uliosambaa duniani kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1980, ulizipiga marufuku herufi I, O na Q kwa sababu hiyo hiyo. Magari ya kabla ya hapo hayana kinga hiyo, kwani kila kiwanda kilikuwa na mtindo wake.

Kwa Volkswagen mambo ni mepesi. Namba ya injini imegongwa kwenye bloku chini ya kikalio cha jenereta, na namba ya chesisi iko chini ya kiti cha nyuma, juu ya mgongo unaopita katikati ya sakafu. Herufi inayotangulia namba ya injini husema ukubwa wake katika magari ya miaka ya 1960: D ni ya 1200, F ni ya 1300, H ni ya 1500. Katika Land Cruiser za zamani, aina ya injini hutangulia namba yenyewe, kama vile F, 2F, H au 2H. Na kwa kuwa injini ya 2F ilianza kutumika mwaka 1975, gari la mwaka 1970 lenye 2F limebadilishwa injini, hapana ubishi.

Huko Marekani mambo haya yamekuwa biashara kubwa. Kuna watu wanaolipa fedha nyingi zaidi kwa Chevrolet ya zamani ambayo injini yake ndiyo ile iliyozaliwa nayo, hata kama nyingine iliyo pembeni inakimbia vizuri zaidi. Kwa Chevrolet hizo herufi A hadi L katika tarehe ya kusubu husimama badala ya miezi, Januari hadi Desemba, na tangu magari ya mwaka 1968 sehemu ya namba ya chesisi hugongwa pia juu ya injini. Palipo na fedha hapakosi wajanja, na wapo wanaozigonga namba upya kwa ustadi mkubwa. Wachunguzi wa huko wamejifunza kutazama uso wa chuma wenyewe, kwa kuwa mashine ya kiwandani huacha mistari myembamba iliyonyooka, na tupa au msasa huifuta mistari hiyo hata kama tarakimu mpya zimepangwa vizuri. Sisi hatuoni busara sana katika kununua namba kuliko gari, lakini elimu hiyo ya kuutazama uso wa chuma inatufaa kwa sababu zetu wenyewe.

Mkaguzi wa Songea anaweza kuitumia leo hii. Kwanza, asafishe mahali penye namba kwa mafuta ya taa na brashi ya waya ya mkono, taratibu. Grenda isikaribie pale kabisa. Kisha aangaze tochi kutoka ubavuni, si kutoka mbele, ili kivuli kiingie katika tarakimu. Akipaka chaki na kuifuta juu juu, unga utabaki ndani ya mikwaruzo na namba itasomeka. Akiweka karatasi juu yake na kuisugua kwa penseli, atapata nakala isiyoweza kubishaniwa baadaye, na nakala hiyo iambatishwe katika faili. Tarakimu zikiwa hazikukaa sawa, asikimbilie kusema zimeghushiwa. Katika viwanda vya Kiingereza vya zama zile mtu mwenye nyundo ndiye aliyezigonga mara nyingi, na mtu huchoka. Cha kutiliwa shaka ni uso uliosagwa, bonde dogo lisilo na sababu, rangi mpya mahali pamoja tu, au tarakimu za umbo tofauti na zile zilizo kwenye chesisi ya gari jingine la toleo lile lile.

Tena, akikuta bloku isiyo na namba kabisa, na uso wake wa kiwandani haukuguswa, akumbuke kwamba viwanda viliuza bloku za akiba zisizogongwa namba, ili mnunuzi aziandikishe mwenyewe. Bloku tupu yenye uso safi na bloku iliyosagwa ni vitu viwili tofauti.

Hata iliyosagwa haijakufa yote. Kigongeo kinapopiga chuma hukikandamiza hadi chini ya ile alama inayoonekana, na chuma kilichokandamizwa huliwa na tindikali kwa namna tofauti na chuma cha pembeni yake. Ndiyo maana wataalamu wa uchunguzi wa kisayansi wa polisi katika nchi nyingi huweza kuirudisha namba iliyofutwa, kwa muda wa kutosha kuipiga picha. Kazi hiyo si ya gereji. Tunaitaja ili wanaoshauriwa kusaga wajue kwamba kinachosagwa kinaweza kusoma tena, na kitasoma dhidi yao.

Sasa tugeukie ndugu zetu wa Unguja, Pemba na Mafia, ambao wengi wao ni wasomaji wa safu hii na wapenzi wa magari haya. Bodi ya Land Rover imetengenezwa kwa mchanganyiko wa aluminiamu na haishiki kutu kirahisi. Chesisi yake ni ya chuma. Hewa ya chumvi ya visiwani huiacha bodi iking'aa na kuila chesisi kuanzia ndani, na kikono cha springi chenye namba ni kati ya sehemu zinazopata maji na matope kwanza. Matokeo yake ni gari la kupendeza machoni lisilo na namba. Huku kwetu, kilomita nyingi kutoka baharini na juu ya nyanda zilizozidi mita 1,000, chuma hudumu zaidi. Si ajabu basi kwamba mtu wa kisiwani mwenye gari lililooza chini hufikiria kutafuta chesisi ya kusini.

Hilo halina ubaya, lakini tunampa tahadhari. Anayenunua chesisi amenunua gari, kwa kuwa chesisi ndiyo yenye namba inayolitambulisha gari. Akiibeba hadi kisiwani na kuivalisha bodi yake ya zamani, gari lililopo sasa ni lile la Songea, na makaratasi yanayopaswa kulifuata ni ya Songea. Kuikata namba ya zamani na kuiunganisha kwa moto kwenye chesisi mpya, kama wanavyoshauri baadhi ya mafundi, ni kughushi hata kama gari ni lako tangu enzi za baba yako. Kabla ya kulipa, aombe kadi yenyewe wala asikubali picha yake, asome namba za chesisi na injini kwa macho yake, achukue nakala ya penseli, na apate hati ya mauzo inayotaja namba zote mbili. Bila hivyo, taabu itamkuta bandarini, ambako gari linalovuka bahari hukaguliwa na mizigo haikubali maelezo ya mdomo.

Kwa upande wa Serikali, yapo mambo matatu tunayoyaomba, na hakuna hata moja linalohitaji bajeti mpya. Tofauti kati ya kadi na bloku isichukuliwe kuwa hatia pale ambapo chesisi ni safi na uso wa bloku haujaguswa. Mwenye gari apewe nafasi ya kuandikisha badiliko la injini kwa maelezo yake na ya fundi, kama taratibu za usajili zinavyoruhusu, hata kama badiliko hilo lilifanyika miaka 40 iliyopita. Mafundi wa mkoa, wakiwamo wale wa Wakala wa Ufundi na Umeme ambao hukagua magari ya Serikali, wapewe maelekezo ya maandishi juu ya mahali pa kuzitafuta namba katika kila aina ya gari la zamani, kwa kuwa vijana waliofunzwa kwa magari ya kompyuta hawana kosa kutojua kikono cha springi cha Series II kilipo.

La tatu ni minada. Gari chakavu la taasisi linapouzwa, mnunuzi wa chuma hulikata vipande siku hiyo hiyo. Kati ya magari hayo yamo yaliyobeba chanjo, karatasi za kura na wageni wa harakati za ukombozi wa kusini mwa Afrika, zama ambazo Songea ilikuwa mlango wa kuingilia Msumbiji. Makumbusho ya Taifa Dar es Salaam imelihifadhi Rolls-Royce lililotumiwa na magavana wa Kiingereza na kisha Mwalimu Nyerere, na imefanya vyema. Lakini Rolls-Royce halikuwahi kukwama Lukumburu. Songea ina Makumbusho ya Maji Maji na uwanja wa kutosha, na Peramiho ina karakana ambazo mikono yake inazijua injini hizi kwa vizazi. Land Rover moja iliyothibitishwa kwa namba zake kuwa ya asili, chesisi na injini, ingestahili kukaa hapo.

Kwa kuanzia, tunashauri kwamba tangazo la kila mnada wa magari mkoani liambatane na orodha ya namba za chesisi na za injini kama zilivyosomwa juu ya chuma, wala si kama zilivyonakiliwa kutoka katika kadi, na orodha hiyo ibandikwe ubaoni siku 14 kabla ya nyundo ya dalali kugongwa.